Kabati la Ruta

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya kupambazuka, na hadi saa mbili asubuhi anga lilikuwa bado limenuna. Nguo zilizofuliwa jana zilitundikwa kwenye viti vya sebuleni, na nyumba nzima ilinuka sabuni na unyevu.

Seremala alimaliza sala yake, akasema amina, lakini hakuinuka. Alibaki amepiga magoti aongeze ombi moja alilolirudia kwa majuma matano: Mungu amwondolee binti yake kizuizi kilichomkwamisha, chochote kile.

Binti alikuwa na miaka kumi na tisa. Tangu amalize shule alikuwa hana rafiki wa kumpigia simu wala wa kumtembelea, mpaka alipoingia kwenye gemu moja la mtandaoni, watu watano kwa watano, kila timu ikilinda ngome yake. Wenzake wanne walimwita Radi kwa wepesi wa vidole vyake, na jina likahamia hadi nyumbani. Wakampa kazi ya kulinda lango. Baba yake mwanzoni aliona ni upuuzi mtupu. Kisha siku moja alipita mlangoni akamsikia akicheka, kicheko cha tumboni, na akasimama pale koridoni muda mrefu kwa sababu alikuwa amekisahau.

Shida ilikuwa Jumamosi. Katikati ya juma, wakifanya mazoezi, Radi alikuwa moto wa kuotea mbali. Jumamosi, siku ya mechi, mtandao ulimtupa nje. Mlinzi wake aliganda langoni kama sanamu, na maadui wakapita wakimchekea. Majuma matano mfululizo. Sasa kiongozi wa timu, waliyemwita Nahodha, alikuwa ametamka wazi: akikatika leo, nafasi yake anapewa mchezaji wa akiba.

"Jumamosi watu wote wako majumbani," seremala alikuwa amemwambia mkewe. "Mtandao unasongamana. Na kile kiruta chetu cha kusambaza mtandao kimezeeka. Dawa yake ni kipya." Akanunua ruta mpya yenye antena nne, iliyolala kwenye boksi lake kama kaa aliyepinduliwa chali, na akamwita fundi wa mtandao aje kuifunga kabla ya mechi ya saa nne.

Mahali pa kuiweka palikuwa tayari, pale pale ilipokaa ile ya zamani. Kwenye kona ya sebule kulisimama kabati dogo la mbao ngumu, refu kama mtoto wa miaka sita, lenye mlango uliokaa sawasawa kwenye fremu yake. Ndani seremala alikuwa amelipiga bati pande zote, kwa sababu panya waliwahi kutafuna nyaya. Mlangoni aliweka wavu wa chuma ili hewa ipite. Kabati hilo lilikuwa kitu cha kwanza alichokitengeneza na kukimaliza tangu kiharusi kilipompokonya mkono wa kulia kwa miezi minane. Kila Jumamosi, siku yake ya kupumzika, alilipaka mafuta, akalifuta, akalifunga kwa komeo.

"Hodi humu!"

"Karibu fundi, karibu ndani."

"Shikamoo mzee." Fundi alikuwa kijana mnene, mchangamfu, koti lake likichuruzika maji.

"Marahaba. Mvua imekunyeshea?"

"Imenionea tu, mzee. Kwa mwili huu haiwezi kunikosa."

Alifunga ruta mpya ndani ya kabati kama alivyoelekezwa, seremala akakomea mlango. Kisha fundi akachukua simu yake, akatembea nayo hadi chumbani kwa Radi, akarudi akikuna kichwa.

"Mzee, chombo ni kipya, lakini huko chumbani kinasoma mstari mmoja tu."

"Mtandao umejaa, si ni Jumamosi?"

"Hapana, laini inayoingia haina neno." Fundi akafungua mlango wa kabati, akatazama simu, akaufunga, akatazama tena. "Nikifungua, mistari inapanda. Nikifunga, inakufa. Hebu niambieni, nani aliyeitia ruta jela?"

Radi, aliyemfuata fundi kutoka chumbani, alikohoa. Kisha akamkanyaga fundi mguu.

"Dada, mbona unanikanyaga?"

Jikoni, kijiko kilichokuwa kikikoroga chai kilinyamaza.

"Niliyeitia jela ni mimi," seremala alisema.

Fundi aliona aibu, uso ukamwiva. "Samahani sana, mzee. Kabati lenyewe ni zuri, sijaona mfano wake. Ila hilo bati na huo wavu... mawimbi yanagonga humo humo na kurudi. Hata ungeleta ruta kumi mpya, ni yale yale."

Seremala alikuwa akiutazama mguu wa binti yake, ambao ulikuwa bado juu ya kiatu cha fundi.

"Ulikuwa unajua," alisema.

Radi aliinamisha kichwa. "Katikati ya juma, ukishaenda karakana, nilikuwa naufungua mlango. Nikisikia unarudi, naufunga."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi upo, baba."

"Mama yako anajua?"

"Mimi simo!" sauti ilitoka jikoni. "Mimi napika chai." Lakini mkewe akatokea, mikono imelowa, akasimama kati ya nguo zilizotundikwa. "Haya, nimo. Baba Radi, unakumbuka kile kigoda ulichokianza kabla ya kabati, ukakiacha njiani? Mdogo wako alisema kinayumba, tena kwa utani. Ulikaa wiki tatu hukushika randa. Ulilala ukiutazama ukuta, chakula hukigusi. Nilidhani nakupoteza. Kabati hili lilipokutoka mikononi, ulikuwa ukiimba. Nani angekwambia lina kasoro?"

"Kwa hiyo mkakubali atolewe kwenye timu?"

"Tulisema heri gemu liende, mkono ubaki," alisema Radi. Machozi yalikuwa karibu, lakini alijikaza.

Seremala aliketi kwenye mkono wa kochi. Majuma matano alimwomba Mungu aondoe kizuizi, na kila alipomaliza kuomba aliinuka akalipaka mafuta kabati lile lile. Alijiuliza ni mara ngapi jibu lilikuwa limefika hadi mlangoni kwake, na watu wake wakalizuia lisiingie, kwa kumhurumia. Wazo la pili lilimuuma zaidi. Hawakuwa wakilihurumia kabati. Walikuwa wakimwogopa yeye, na ukuta wake, na kimya chake cha wiki tatu.

Alihisi kimya hicho kikimjia hata sasa, kizito, kitamu kidogo, kama usingizi. Ingekuwa rahisi kukiingia. Akasema moyoni, Bwana, nisimamishe, kisha akasimama kweli.

"Fundi, hapa pangekuwa kwako ungefanyaje?"

Fundi alimtazama mke wa seremala kwanza, kama anayeomba ruhusa. "Ningeitoa humo, niitundike juu ukutani, peupe. Na kompyuta ya dada ningeivutia waya moja kwa moja. Waya hauna masihara."

"Ukuta huu utobolewe?"

"Tundu moja tu, mzee. La kupitisha kidole."

"Radi, niletee drili. Na ngazi."

Saa tatu na nusu ilikuwa imepita. Alipanda vidaraja vitatu, Radi akaishika ngazi, na mkewe akazikusanya nguo haraka haraka zisiingiwe vumbi. Mkono wa kushoto uliishika drili, wa kulia ukaisukuma kutoka nyuma. Tundu la kwanza lilienda upande. Radi akaliona, akayashusha macho.

"Limeenda upande," alisema seremala mwenyewe.

"Limeenda upande, baba," Radi aliitikia, kwa sauti ndogo.

"Basi nisogeze wapi?"

"Kushoto. Kidole kimoja. Hapo."

Waya ulipita. Fundi akaitundika ruta juu ukutani, akauchomeka waya nyuma ya kompyuta, akapima, akapiga mluzi. Amri ya Radi kwenye gemu, ambayo Jumamosi iliyopita ilichukua nusu sekunde nzima kwenda na kurudi, sasa ilirudi kabla mtu hajapepesa jicho. Saa nne kasoro dakika tano, sauti ya Nahodha ilijaa chumba kutoka kwenye spika.

"Radi! Uko hewani? Ile kampuni yenu ya mtandao imejirekebisha?"

Radi alimtazama baba yake, ambaye alikuwa mlangoni ana vumbi hadi kwenye nyusi. Akavuta pumzi.

"Haikuwa kampuni. Ilikuwa hapa nyumbani, na nilijua. Niliwadanganya."

"Eti nini? Wiki tano? Mimi nimeiandikia kampuni ya watu barua mbili za matusi kwa ajili yako!"

"Tena ile ya pili ilikuwa kali," sauti nyingine ya kike ilidakia, na mtu akacheka, kisha akaacha.

"Cheza kwanza," alisema Nahodha. "Tutaongea tukimaliza."

Walicheza dakika arobaini. Seremala hakuelewa kila kitu, lakini lango alilielewa. Maadui walikuja kushoto, wakaja kulia, wakaja wote kwa pamoja, na mlinzi wa binti yake hakuganda hata mara moja. Fundi, aliyepaswa kuwa kwa mteja mwingine, alikunywa chai vikombe viwili amesimama. Mwishoni Nahodha aliiacha ngome akakimbilia sifa, na wakafungwa kwa pointi moja.

"Hilo kosa ni langu," Nahodha alisema, akihema. "Nimekimbilia sifa, nimewaangusha. Nisameheni. Umeona lilivyo jepesi kulisema, Radi?"

"Nimeona."

"Kwa upande wa mtandao nafasi yako ipo, hakuna aliyecheza kukuzidi leo. Kwa upande wa ukweli sijui. Kesho jambo likikubana huko nyumbani, utatuambia, au utatutungia jingine?"

Radi akageuka. Alimtazama baba yake, na seremala akaona kwamba jibu hilo halikuwa la binti bali lake yeye. Wasichana wanne walikuwa wakingoja.

Seremala akaingia chumbani, akainama karibu na kipaza sauti asichojua vizuri kilipo.

"Mnanisikia? Mimi ni baba yake. Kitu kilichokuwa kikimkata nilikitengeneza mimi, na alinyamaza kwa sababu alijua nikiambiwa nitajilaza nigeukie ukutani. Kwa hiyo mimi ndiye wa kujibu." Akauweka mkono wa kulia begani kwa Radi. "Mko wanne hapo, yuko fundi huyu, yuko mke wangu, na Mungu anasikia. Naahidi mbele yenu: siku binti yangu akiniambia kazi yangu ina kasoro, sitanuna wala sitanyamaza. Nitamwuliza ni wapi, na nitaitengeneza siku hiyo hiyo."