Pua ya Nyumba

...na nimeshavuta mara mbili, ya tatu itakuwa aibu, mwenye pua zake havuti mara tatu, anavuta moja, anafumba macho, anatabasamu kama aliyeonyeshwa pepo, basi na mimi nimefumba, kifundo cha mkono kiko chini ya pua, juu yake Abbu, baba yangu, kanipaka tone la marashi ya waridi tuliyopika juzi, na nasikia nini, nasikia ubaridi wa mafuta kwenye ngozi, basi, miaka minne sasa, si waridi, si mkojo wa paka, hakuna, ukuta, na Seth Bhanwarlal kakaa mbele yetu kwenye godoro jeupe, tumbo limemtangulia, katoka Lakhnau kuchukua mzigo wote wa msimu, na hagusi chupa mpaka nyumba itamke kwanza, ndiyo desturi ya duka hili tangu babu, mwenye nyumba anasema kilichomo, mnunuzi ananusa baadaye, na kama kilichosemwa sicho kilichomo, mnunuzi anavaa viatu, hakutukani, anakwenda kuwatajia wenzake jina lako kwenye chai, na mji wote huu wa Kannauj ni chai... "Binti ananusa au anasali?" "Mwache, Sethji, pua nzuri haina pupa," anasema Abbu, pua nzuri, sikiliza mzee wa watu, pua nzuri, na uani Chacha Mewalal, mshika moto wetu, anasugua sufuria ya shaba kwa jivu na mchanga, krwa, krwa, krwa, tangu nimeamka anasugua hiyo hiyo... ilianza na iliki, Ammi, mama yangu, alikuwa hospitali, mimi na Abbu tumelala chumba cha nyuma tunakohoa kwa zamu kama vyura, siku ya tano nikafungua kopo lake la iliki, nikachomeka pua yote, hamna, nikampigia simu nikamwambia Ammi iliki yako imekufa, nunua nyingine ukirudi, akacheka, akakohoa, akasema iliki haifi, mwanangu, funga kopo vizuri, simu ikachukuliwa na muuguzi, na hayo ndiyo maneno, watu wanaachiwa wasia, mimi nimeachiwa funga kopo vizuri, na sikulia, mpaka leo sijalia, nilifunga kopo... daktari akasema itarudi, subiri, ikarudi mwaka mmoja ikiwa kichaa, waridi likawa mpira unaoungua, sabuni ikawa mzoga, nikawa natapika msimu mzima nikisema ni tumbo, kisha ikaondoka jumla, itarudi, shukrani daktari, na ngazi za darini ni kumi na nne, naketi ya saba nipumue, kila siku ya saba, nishaijua ile ngazi kuliko shangazi zangu, na kichwa nacho kina ukungu, nilikwenda usaili wa kufundisha kemia, shahada mbili kwenye bahasha, bwana mwenye tai akaniuliza kimiminika kikichemka kinatoa nini, swali la mtoto wa darasa la tano, na mimi, binti wa wapika marashi, nikalitafuta neno mvuke nisilipate, nikaonyesha kwa vidole, hivi, kinapanda hivi, wakacheka kwa adabu, asante Bi Nuzhat tutakupigia, hawajapiga, korona imekwisha, kila mtu anasema imekwisha, vizuri, nani kawaambia na hii nayo ni korona, wanaona mvivu tu, msomi mvivu... "Chai inakuja, Sethji, maziwa yako jikoni," anasema Abbu, jiko lenyewe liko hapa hapa, jiko la mafuta ya taa kando ya kiwiko cha Abbu, si anajua, basi, na mimi sikumwambia mtu, ningemwambiaje, Abbu aliyenusa marashi bandia kwenye mfuko uliofungwa, Abbu aliyekuwa akijua nimepita uchochoro gani kutoka shule kwa harufu ya sare yangu, mkewe kazikwa Jumanne na Alhamisi nimwambie na pua ya mwanao imezikwa naye, akaanza mwenyewe kuniita, njoo ukae godoroni, unuse kwanza wewe, ujifunze, mimi nazeeka, nikaja, nikavuta, nikamwangalia usoni, nyusi yake ya kushoto ikipanda nasema imeiva, ikishuka nasema bado, Abbu, ipe siku mbili, miaka minne nasoma ile nyusi kama waraka wa mahakama, na wanunuzi wanasema mashallah, binti kamrithi baba... ila leo sioni nyusi, leo Seth kasema fumba macho, mwanangu, napenda kuona mtu anavyonusa, mzee mpenda michezo, na ya leo ndiyo mbaya, kwa sababu juzi Chacha Mewalal hakuwapo, alikwenda Farrukhabad kuona mjukuu, na moto tuliushika sisi wawili, wagonjwa wawili kwa kuni tatu, Abbu alisinzia kwenye kigoda kama anavyosinzia siku hizi, katikati ya neno, na mimi nilikwenda kuleta maji nikaketi njiani nipumue, nikapumua, nikapumua, na niliporudi sufuria ilikuwa imenyamaza, sufuria yenye maji inanong'ona, hii ilikuwa kimya, kisha ikasaga meno mara moja, nikamwaga maji motoni nikavuta kuni nje, nikamwamsha, akainama kwenye chupa, akavuta, akasema haina neno, nikamshukuru Mungu, Abbu kavuta, Abbu kasema... na ikiwa iliungua, duka hili ndilo lililobaki, sina kazi, hana mke, tuna jina tu mlangoni, na jina halisuguliwi kwa jivu, krwa, krwa... "Razi bhai!" huyo Seth anamwita Abbu, sauti kaibana kwa leso, "Razi bhai, wewe, nyumba inaungua au unanifukuza?" na kutoka uani Chacha, huko mbali, kisimani, "Maziwa! Maziwa yanaungua, enyi mliokaa nayo!" nafungua macho, moshi mweusi unatoka kwenye sufuria ya maziwa, pale, kando ya kiwiko cha Abbu, umeshapanda hadi kwenye kofia yake, na Abbu ameketi, ananitazama mimi, anatabasamu kidogo, anangoja, hajageuka, Seth kabana pua, mtu wa kisimani kanusa, na Abbu hajageuka, sasa ndiyo anageuka, anaona, anashtuka, anazima jiko, anasema, "Ah, nilikuwa nimezama kwa binti," Seth anacheka, "Umezama kweli, hata nguruwe wa mtaroni wamehama!" na Abbu anacheka naye, na masikio yake yamekuwa mekundu, na mimi mkono bado uko puani, sijaushusha, kitu kinapita ndani yangu polepole kama maji kwenye udongo mkavu... kile kipamba cha marashi ya mkadi sikioni mwake, hajakibadilisha tangu Ramadhani, chumvi mara mbili kwenye dengu, unuse kwanza wewe, ujifunze, siku zote kwanza mimi, na ile nyusi, ile nyusi haikuwa inaniambia kitu, ilikuwa inangoja ya kwangu, nami nangoja yake, vipofu wawili wameshikana bega na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye mwenye macho, miaka minne, ya Rabi, ni nani aliyekuwa akinusa katika nyumba hii, na juzi alipoinama kwenye chupa, alinusa nini, alinusa ukuta wangu... sicheki, silii, naona tu kwamba amekonda shingo, kwamba amekuwa peke yake muda wote ule chumba cha pili, na mimi peke yangu ngazi ya saba... "Haya, sasa hata ikiwa na moshi mtasema ni maziwa," anasema Seth, anafuta jasho, "bahati yenu, sema, binti, mimi mwenyewe pua imeshavurugika, nitachukua kwa neno lako," kwa neno langu, mlango huo hapo, wazi, imeiva Sethji, waridi safi, apakie aondoke, afungue chupa ya kwanza kesho Lakhnau... krwa, krwa, krwa, na hapo naisikia, asubuhi nzima nilikuwa naisikia bila kuisikiliza, hakuna anayesugua sufuria safi tangu alfajiri, Chacha kaikuta na ukoko, kaangalia ndani, katuangalia sisi, kachukua jivu, ndiye pua ya nyumba hii, vidole vyake na jivu lake, na anatufichia, wote tunafichiana, nyumba nzima imefunga kopo vizuri... imeungua, najua imeungua, sihitaji pua, nina masikio, nilikuwa nayo na juzi sufuria iliponyamaza... "Nyumba inasema nini, mwanangu?" anauliza Abbu, na ananitazama usoni, si machoni, juu kidogo, pale pale ninapomtazama yeye siku zote, na kidole gumba chake kimekaa pembeni ya kifundo changu, basi sivuti mara ya tatu, mkono ubaki ulipo, Seth angoje, sufuria isuguliwe, na mimi nashusha nyusi yangu ya kushoto, polepole, kabisa, ili awe wa kwanza kuiona.