Sista Drusilla Bado Yuko Zamu

Jumatatu saa mbili kasorobo asubuhi Kemuma alifungua zahanati, akafagia kizingiti, akasoma kipimajoto cha friji ya chanjo na kuandika nyuzi nne kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Nje akina mama kumi na wanane walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi, na ukungu ulikuwa bado haujaondoka juu ya vilima vya Manga. Ilikuwa siku ya kliniki ya wajawazito, tena siku ya chanjo, na muuguzi alikuwa mmoja.

Saa mbili kamili Sista Drusilla akaingia, akapangusa viatu kwenye gunia la mlangoni, akatundika mkoba wake kwenye msumari wake. Alikuwa amezikwa siku kumi na moja zilizopita, nyuma ya nyumba yake, pale migomba inapokutana na chai. Kemuma ndiye aliyeanzisha wimbo wa mwisho.

"Bwakire buya," akaamkia Drusilla kwa Kigusii. "Friji iko ngapi?"

"Nne, Sista."

"Sawa. Wewe shika chanjo, mimi nashika wajawazito."

Akina mama wakajibana kwenye benchi kumpisha. Mmoja alimpa pole kwa msiba, kwa kuwa hakuweza kufika mazishini. Drusilla akamshukuru na kumwambia apande kwenye mzani.

Sababu ya kurudi kwake haikuhitaji mganga. Jina lake lilikuwa bado kwenye daftari la zamu, nafasi yake haikuwa imepewa mtu, na Drusilla hakuwa mtu wa kuona jina lake zamuni halafu akalala. Alikuwa amefanya kazi hapo miaka ishirini na sita. Alifia hapo hapo, akiwa amefunga kipimo cha presha kwenye mkono wa mzee mmoja. Presha ya mzee ilikuwa nzuri. Yake yeye haikuwa na wa kuipima, maana Kemuma alikuwa chumba cha kujifungulia na mama wa mapacha, na jambo hilo lilimuuma Kemuma kila alipoona kile kipimo.

Kifo hakikumbadilisha sana. Aliacha kunywa chai. Mikono yake ilikuwa baridi, jambo lililowafaa watoto wenye homa, lakini kabla ya kushika tumbo la mjamzito aliipasha kwanza kwenye birika la maji ya moto na kuomba radhi. Matope ya viatu vyake hayakuisha hata wakati wa jua, kwa hiyo mfagizi akaongeza gunia la pili. Mzee wa kanisa alikuja kumkumbusha kwamba wafu hawajui neno lolote mpaka siku ya ufufuo. Drusilla, Msabato tangu utotoni, alikubaliana naye kabisa, na kila Jumamosi alibaki zahanati asije akaharibu mahubiri.

Sasa Kemuma alikuwa na shida yake. Miaka mitatu alikuwa akisomea diploma ya uuguzi kwa masafa, simu ameiegemeza kwenye kopo la pamba, akisoma kati ya mgonjwa na mgonjwa. Kazi za chuo alizituma akiwa amesimama kando ya tangi la maji, kwa sababu mtandao ulikuwa hapo tu. Kulibaki wiki nane za mazoezi katika hospitali ya Kisii mjini. Chuo kilikuwa kimesema wazi: asiyemaliza kufikia mwezi wa nane aanze upya. Ofisi ya afya ilikuwa imemnyima ruhusa mara mbili, kwa maelezo kwamba zahanati haiwezi kubaki bila muuguzi. Lilikuwa neno la kweli, na ukweli wake ndio uliomkasirisha zaidi.

Drusilla aliijua sentensi hiyo kwa moyo. Alikuwa ameandikiwa hivyo mara saba katika uhai wake, na barua zote saba zilikuwa kwenye mkebe wa biskuti nyumbani kwake.

"Enda," akamwambia Kemuma. "Mimi niko."

"Lakini Sista, wewe unafaa upumzike."

"Nitapumzika. Wiki nane ni nini? Tryphosa atazaa mwezi wa nane. Akipata msichana atachukua jina yangu, na mimi nilale. Lakini kwanza nataka nione hiyo karatasi yako."

Tryphosa alikuwa mke wa mwanawe wa pekee. Huko kwao mtoto hupewa jina la marehemu wa nyumba hiyo, na marehemu akishapata wa kumbeba jina hutulia. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Basi Kemuma akaenda Kisii. Kila Ijumaa alasiri alirudi Manga, akakuta vitabu vimejazwa kwa ule mwandiko wa kulala kidogo upande wa kulia, chanjo hesabu kamili, sakafu imepigwa deki. Wagonjwa wakishaondoka Drusilla alifunga mlango, akavuta kiti na kusema, "Haya, walisema nini?" Kemuma akamsomea daftari lake, ukurasa kwa ukurasa. Drusilla alitaka kurudiwa habari ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mara mbili, mara tatu, huku akinyanyua kidole kama mwanafunzi anayeogopa kupitwa. Alikuwa amelitamani darasa lile tangu Kemuma akiwa hajaota meno. Kemuma alimpenda sana Ijumaa zile, na alimwambia hivyo, na Drusilla akamwambia aache maneno asome.

Wiki ya sita alikuja Bwana Ongeri wa ofisi ya afya kuhesabu wafanyakazi. Alikuwa amesoma rambirambi za ofisi mazishini, kwa hiyo alimsalimia Drusilla kwa heshima na kumuuliza habari za huko. Drusilla alisema ni kimya. Ongeri akafungua daftari la zamu, akaona Kemuma yuko masomoni na Drusilla yuko kazini, akaangalia vitabu, akavisifu. Kwenye fomu yake aliandika: wauguzi wawili, hakuna pengo. Akagonga muhuri akaondoka.

Mwezi wa nane Kemuma alirudi na matokeo. Amefaulu. Drusilla aliishika ile karatasi kwa mikono yote miwili mpaka ikapoa, akaisoma juu mpaka chini, akamkumbatia Kemuma bila kupasha mikono. Siku nne baadaye, baada ya chakula cha mchana, Tryphosa akaletwa na bodaboda akiwa na uchungu. Walimhudumia pamoja. Alijifungua msichana wa kilo tatu na robo, kisha damu ikaanza kumtoka kwa kasi. Kemuma alipogeuka kutafuta dawa, Drusilla alikuwa tayari anakanda tumbo vile walivyosoma Ijumaa, dawa imekwisha kuvutwa kwenye sindano. Damu ikakoma. Tryphosa akaomba uji.

Ndipo Drusilla akavua sweta yake ya kazi, akaikunja, akaiweka juu ya meza. "Mimi sasa naenda," akasema. "Mpeni jina yangu kesho, nikishalala."

Barua ya ofisi ilifika jioni hiyo hiyo, saa kumi na moja, kabla Drusilla hajatoka. Kwa kuwa Muuguzi Kemuma sasa ana diploma, ilisema, anahamishiwa hospitali kubwa ya Keroka kuanzia Jumatatu. Cheo chake hakibadiliki. Zahanati haitaathirika, kwa sababu ina muuguzi mwingine mwenye uzoefu mkubwa.

Kesho yake Kemuma alipanda kwenda ofisini na cheti cha kifo. Ongeri akakitazama pande zote mbili, akakubali kwamba ni halali. Kisha akatoa fomu yake, akamwonyesha kwamba nayo ni halali.

"Lakini alizikwa, Bwana Ongeri. Wewe ulikuwa hapo."

"Nilikuwa. Na kazini pia nilimkuta." Akamtazama kwa huruma ya kweli. "Madam, watu wanaolala mochari wangekuwa wanafanya kazi vile Drusilla anafanya, hii kaunti ingekuwa mbali."

Kemuma alirudi Manga, akaingia chumba cha chanjo, akalia akiwa ameegemea friji. Alisema ataikataa barua. Alisema atairudisha diploma yenyewe wakitaka. Drusilla akamwacha alie mpaka akamaliza, kisha akamwambia kwamba karatasi ile waliisomea watu wawili, na mmoja wao hairuhusu irudi.

Nyumbani kwa Tryphosa jamaa walikaa, wakajadiliana, wakaona haiwezekani. Jina la marehemu lingetolewa vipi, na marehemu mwenyewe Jumatatu ana kliniki? Mtoto akaitwa Joyline, kwa sababu lilikuwa jina zuri na halikuwa la mtu yeyote wa nyumba hiyo. Drusilla alimbeba mtoto huyo dakika chache, akiwa ameifunga mikono yake kwa leso ili asisikie baridi, akasema ni sawa, jina ni jina.

Jumatatu saa mbili kasorobo Kemuma alisimama kwenye kizingiti na begi lake. Benchi lilikuwa limejaa. Drusilla alikuwa amevaa tena sweta yake, vifungo vyote.

"Ukifika huko, kula mchana," akasema. "Pima presha yako kila wiki, usingoje mtu. Na ukisikia kizunguzungu, toka nje ya geti, kaa hata kwa barabara. Usifie kazini, mwanangu. Watakuzoea."

Kemuma akamkumbatia, akashuka njia ya chini kuelekea Keroka. Drusilla akapangusa viatu kwenye gunia la kwanza, kisha la pili, akaingia kusoma kipimajoto. Ilikuwa nne. Akaandika, akafungua dirisha.

"Wa kwanza," akaita, huku akiweka mikono kwenye birika, "ingia."