Dereva Mzoefu Aliyeitwa Mgeni

Dereva wa gari la wagonjwa alipostaafu, alijinunulia kigari cheupe, kilichotumika lakini chenye injini safi. Mama huyu alikuwa amewakimbiza wajawazito na majeruhi hospitalini kwa miaka ishirini na sita, ila gari lenye jina lake mwenyewe hakuwahi kuwa nalo. Sasa lilikuwepo, na lilitaka bima.

Mumewe, fundi saa, alisema lazima amsindikize. Alidai kwamba mikataba ya bima ina maandishi madogo, na vitu vidogo ndiyo kazi yake.

Katika ofisi ya kwanza karani alimuuliza mama amemiliki gari kwa miaka mingapi. Aliposikia kwamba hili ndilo la kwanza, akabonyeza kompyuta, na bei iliyotokea ikamfanya fundi saa avue miwani, aifute, aivae tena. Bei ilikuwa ile ile. Kwa hesabu zao, mama alikuwa sawa na mwanafunzi aliyemaliza shule ya udereva juzi.

Ofisi ya pili ilikuwa nyuma ya duka la vipuri, na bei yake ilikuwa ya kutupa. Mama alikwisha shika kalamu, mumewe akamzuia mkono. Alitoa kioo chake cha kazi, akakibana jichoni pale pale kaunta, akasoma mstari kwa mstari huku wateja wakimkodolea macho. Kumbe bima ile ingelipa hasara za watu wengine tu. Kigari kikiibwa, wao wangebaki na funguo. Wakaaga kwa adabu.

Mama alishika usukani, wakaondoka. Kilichomchoma si bei, bali kuitwa mgeni barabarani.

"Mama watoto," mumewe alisema, "hospitali wanakujua. Twende wakuandikie barua."

Mama akageuza gari papo hapo.

Mkuu wake wa zamani alilipekua faili zima akitafuta ajali, akakosa. Alichokuta ni onyo moja la kuupigia honi msafara wa harusi hadi bwana harusi akaruka mtaroni. Walicheka hadi machozi yakawatoka, kisha akaandika barua na kuigonga muhuri. Habari za bwana harusi hakuzitia.

Katika ofisi ya tatu, wakala aliisoma barua mara mbili. Alieleza kwamba wao hutoa punguzo kwa dereva asiye na ajali, hata kama gari lilikuwa la mwajiri, tena kwa bima kubwa, ile inayolipa hata gari lako mwenyewe likiibwa. Bei ikashuka karibu nusu. Kisha akauliza kama kuna mwingine atakayeliendesha.

Fundi saa alijikohoza. Alikuwa na ndoto zake za kuliendesha Jumapili. Lakini pia alikuwa amegonga lango la nyumbani mara mbili kwa gari la shemeji yake, na wakala alisubiri jibu la kweli.

"Mimi niandike abiria," alisema.

Mama alimwangalia mzee wake, moyo ukamlainika. Alimwomba wakala aeleze utaratibu wa kuongeza dereva baadaye, akaambiwa ni jambo la siku moja tu.

"Basi kesho tunaanza mafunzo," alimwambia mumewe. "Mwalimu ni mimi, na sitaki ubishi."

Alitia sahihi. Walipotoka alipita njia ndefu ya kuzunguka soko, bila shughuli yoyote huko, dirisha likiwa wazi, akiimba.