Cherehani ya Mdogo Mtu

Mafuriko yalipopita, Mama Pindo na mdogo wake walikuwa sawa kwa mara ya kwanza maishani: hakuna aliyekuwa na nyumba. Walilala hema moja, wakajifunika shuka moja. Mama Pindo ndiye aliyemfundisha mdogo wake kushona, na jina lake lilitokana na kazi hiyo, kwani pindo alilolitia yeye halikufumuka hata nguo ichakae.

Kisha shirika la misaada likaja na orodha. Wazee na wanaonyonyesha kwanza. Mama Pindo hakuwa mzee, na kitinda mimba wake alishaota ndevu. Mdogo wake alikuwa na kichanga mgongoni. Basi yeye akajengewa mwanzo: vyumba viwili vya tofali, bati jipya linalong'aa mpaka likamuumiza Mama Pindo macho. Akavumilia. Ila siku walipomshushia mdogo mtu cherehani mpya mlangoni, roho ilimchoma.

"Dada, njoo uijaribu!"

Akakaa, akakanyaga. Ikateleza kama imepakwa mafuta. Yake mwenyewe ilikuwa bado imezikwa kwenye tope.

"Nyepesi mno," akasema. "Hii haimalizi mwaka."

Wiki ile wateja wake wa zamani walipita mbele ya hema, vitambaa kwapani, wakisalimia bila kusimama. Mmoja akamwambia, tena bila nia mbaya, "Mdogo wako mkono wake umekuwa mzuri, utadhani ni wewe."

Hilo ndilo lililommaliza. Asubuhi yake alimfuata afisa wa misaada ofisini kwake, ndani ya kontena.

"Mimi sipendi maneno," alianza, kama waanzavyo wapenda maneno wote. "Lakini yule mdogo wangu ana nyumba nyingine ukweni. Tena nzima."

Mchana haujaisha, watu wawili wakaja kuichukua cherehani, ishikiliwe mpaka uchunguzi ufanyike. Mdogo mtu akaja mbio hemani, mtoto akilia mgongoni, kitambaa cha mteja bado mkononi na uzi unaning'inia.

"Dada, kuna mtu kanisingizia! Twende ukanisemee. Wewe watakuamini."

Mama Pindo angeweza kusema anaumwa. Badala yake alivaa kandambili, wakaenda, mdogo wake kamshika mkono njia nzima, kama walivyokuwa wakienda shule utotoni.

Afisa aliinua kichwa, akawatazama wote wawili. "Mama, si ni wewe uliyekuja—"

"Ni mimi," Mama Pindo akamkatiza. "Nilidanganya. Hana nyumba nyingine, huko ukweni nako kulisombwa. Nilimwonea wivu, basi."

Mkono uliomshika ukamwachia. Mdogo wake hakupiga kelele. Alisema tu, "Ungeniomba, Dada. Tungeshona kwa zamu." Akageuka, akaondoka. Afisa akamgombeza Mama Pindo kama mtoto, naye akasimama akayapokea yote.

Cherehani ilirudishwa jioni ile ile. Lakini kwa mwezi mzima dada na mdogo hawakusemezana.

Zamu ya Mama Pindo ikafika. Kila anayejengewa alitakiwa kutafuta mtu wa kumsaidia fundi mwashi, naye aliona haya kumwomba yeyote. Siku ya kwanza ya kazi, mdogo wake akatokea na ndoo ya maji, akaimimina kwenye mchanga na saruji, akashika koleo. Salamu hakutoa. Mama Pindo akashika koleo la pili. Wakakoroga mpaka jua likawa la utosi.

"Asante, mdogo wangu."

"Sikuja kwa ajili yako. Nimechoka kuona mama mkubwa wa mwanangu analala hemani." Akajifuta jasho. "Na nina sare za shule thelathini, siziwezi peke yangu. Kesho uje."

Mama Pindo akajiona ameketi kwenye kiti cha mdogo wake, akishonea wateja wa mdogo wake, na wivu ukamtekenya tena kifuani, mzima kabisa. Akaumeza.

"Nitakuja saa mbili," akasema, akainamia koleo.