Kiota Kwenye Mlimau

Mume wangu alipiga picha za pasipoti maisha yake yote, na maisha yake yote alilalamika kwamba watu hawajui kukaa. "Ndege anakaa vizuri kuliko mheshimiwa," alikuwa akisema. Kwa hiyo kila alipofunga studio alijibanza uani nyuma ya tangi la maji na kamera yake, akiwinda wateja wasiolipa.

Sasa hakuwa tena wa kujibanza popote. Ini lilikuwa limekwisha. Mimi nina stashahada ya famasia na nimezeekea kwenye dirisha la dawa la hospitali. Sikuhitaji mtu kunifafanulia maana ya daktari anapomwambia mgonjwa arudi nyumbani akapumzike. Nilikivuta kitanda chetu hadi dirisha la nyuma, nikasimamisha stendi ya kamera kando ya godoro, nikamwambia, "Haya. Studio yako hiyo."

"Daktari wa dirishani," akanitania, "umesahau pazia la bluu."

Mlimau wetu uko karibu sana na dirisha hilo. Humo ndege wawili, shore, walikuwa wamejenga kiota, kibakuli cha nyasi na nyuzi zilizotoka kwenye ufagio wangu. Mimi nilikuwa nawaita jurawa. Mume wangu aliumia kana kwamba nimemwita yeye kinyozi.

"Jurawa wapi? Tazama. Kichwa cheusi, kishungi kidogo, na pale chini ya mkia rangi ya manjano. Shore huyo!"

"Kwangu mimi ndege ni wa aina mbili," nikamjibu. "Wanaozinyea nguo zangu, na wale ambao bado."

Alicheka mpaka akashika ubavu. Kisha akaniambia alichokuwa anakitaka. Miaka yote ndege alikuwa amewapiga picha za vipandevipande tu, leo bawa, kesho mdomo. Hawa shore alitaka kuwapiga tangu unyasi wa kwanza mpaka watoto wanaporuka. Tayari alikuwa na picha za ujenzi, za mayai, za makinda yakiwa uchi kama vidole, na za makinda yakifumbua macho. Ilibaki moja, ya kuruka. Katika nyumba yetu hakuna aliyesema kwa sauti kwamba yalikuwa mashindano, na kwamba hatukujua nani angetangulia kuondoka, makinda au yeye.

Mikono yake ilikuwa inatetemeka, kwa hiyo kitindamimba wetu ndiye aliyekuwa mikono yake. Huyo tunamwita Kasuku, maana alianza kusema kabla ya kuota meno na hajanyamaza mpaka leo. Aliomba ruhusa chuoni akarudi nyumbani. Baba mtu alikuwa anaelekeza, yeye anazungusha lenzi, na siku nzima walikuwa wanabishana kama wauza samaki.

Jioni moja nilirudi kutoka kazini nikakuta tawi la mlimau, lile lenye majani mengi, limevutwa nyuma na kufungwa kwa kamba kwenye nguzo ya kuanikia nguo. Kiota kilionekana chote, wazi kama sahani mezani.

"Nani kafunga tawi?"

"Mimi," Kasuku akasema. "Majani yalikuwa yanaziba."

Alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anaipangusa lenzi. Mimi napenda vitu vionekane, nikasema, "Afadhali," nikaingia jikoni.

Asubuhi iliyofuata nilitoka na beseni la nguo nikawakuta kunguru wawili juu ya ukuta, wanafuta midomo. Shore walikuwa wanapiga kelele huku na huku, wanagonga majani. Sikuhitaji kusogea, ila nilisogea. Kiotani palibaki manyoya mawili matatu. Mume wangu alikuwa amelala; dawa ya maumivu niliyompa alfajiri ilikuwa bado inamshika.

Kasuku alinikuta jikoni. Alikuwa ameshaona.

"Akiamka namwambia," nikasema.

"Mama, tafadhali, usimwambie."

"Mgonjwa si mtoto mdogo. Kila siku nawaona ndugu wanamficha mtu ugonjwa wake mwenyewe, na yeye anajua kuwazidi wote. Kwangu upuuzi huo haupiti. Umefunga tawi, kunguru wameona, basi. Utamwomba radhi."

"Mama, ni yeye aliyeniambia nifunge."

Nikaliweka chini birika.

"Nilimkatalia," akasema. "Nikamwambia, baba, wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha, majani ya kiota hayaguswi. Akaniambia, 'Najua, mwanangu. Lakini sina muda wa kungoja upepo uyasogeze.' Sasa wewe nenda kamwambie kwamba amewaua. Nenda."

Mume wangu huyu aliwahi kumfukuza uani kwetu rafiki yake wa damu, mpigapicha mwenzake, kwa sababu tu alivunja kijiti mbele ya kiota cha tetere. Alimfukuza na chai yake mkononi.

Kasuku alichukua kamera akatoka. Kwa jirani yetu mshonaji kuna ua wa michongoma, na huko shore wengine walikuwa na watoto walioruka zamani. Nilijua anakwenda kufanya nini. Sikumzuia, na sikumsaidia. Nilikaa nikamenya viazi ambavyo hakuna mtu aliyekuwa na hamu navyo.

Alipoamka, jambo la kwanza aliuliza, "Mbona kimya huko nje?"

"Baba, umelala wamekukimbia!" Kasuku akamrukia kitandani. "Wameruka! Nimewapata, tazama."

Akamshikia kamera usoni. Yeye akatazama. Akamwambia aikuze picha, akatazama tena, polepole, kuanzia mdomo mpaka nyuma. Mimi nilisimama mlangoni na sahani.

"Macho yametoka makali," akasema mwishowe. "Nani kakufundisha kazi?"

"Fundi mmoja hivi. Mkali kama pilipili."

"Na mshahara hakupi."

"Hata nauli!"

Wakacheka wote wawili. Akamshika kichwa, akakiweka kifuani pake, kidogo tu, kwa sababu zaidi ya hapo alikuwa anaumia. Kisha akamtuma dukani kununua mkate, na mkate ulikuwepo nyumbani.

"Mama watoto, funga mlango," akaniambia. Nikafunga.

"Kunguru?"

"Kunguru."

Akafumba macho. "Shore siku anayotoka kiotani, mkia wake hauzidi kucha yangu. Wale aliowapiga wana mikia ya kufagilia uwanja. Kawatoa wapi?"

"Kwa mshonaji."

"Nilidhani hivyo. Mwanga ni wa upande ule."

"Basi mwambie kwamba umejua. Mmalize. Sipendi nyumba yenye maneno ya chini chini."

"Nimwambie nini? Kwamba hata uongo wake haukufaa?" Akageuza uso ukutani. "Mimi nimeitia mikono yake kwenye kosa langu, halafu yeye ndiye anayehangaika kunifichia. Nilikuwa na haraka, mke wangu. Nilitaka kuwaona tu. Nilitaka sana."

Akalia. Katika ndoa yetu nilikuwa nimemwona akilia mara moja tu, tulipomzika mama yake. Mimi ndiye ninayejua cha kusema. Watu wanakuja dirishani kwangu wakitetemeka, nawaambia kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula, na wanaondoka wametulia. Nikamfuta uso kwa ncha ya shuka, nikamwambia kwamba saa ya dawa bado. Ndilo neno nililopata.

"Kafungue lile tawi," akasema baadaye. "Mama yao bado anakuja na chakula. Siwezi kumwangalia."

Nilikwenda. Fundo lilikuwa limekaza, nikalihangaikia kwa meno. Kasuku alirudi na mkate akanikuta hapo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafungua kamba," nikasema. "Si wameruka? Ya nini tena?"

Alinitazama. Mtoto huyu amekua akisikia kutoka kwangu kwamba pua yake ni ya babu yake na kwamba uimbaji wake ni balaa. Hajawahi kusikia nikisema kitu nisichokiamini. Akaona macho yangu, akatazama dirisha la baba yake, akaelewa kwamba mzee amejua. Akauweka mkate juu ya tangi. Akalishika tawi kwa mikono miwili ili lisirudi kwa kishindo, tukaliachia pamoja, taratibu, tukarudi nyuma.

"Kasuku!" sauti ikatoka chumbani, nyembamba. "Mnanong'ona nini huko?"

"Hakuna, baba! Mama ananisema tu!"

"Mwache mtoto!"

"Namwacha," nikasema.

Shore akaja. Hakutujali. Alikuwa na panzi mdomoni, mguu mmoja wa panzi bado unacheza. Akapenya kwenye majani, akatua ukingoni mwa kiota, akainama kutazama ndani. Akainua kichwa, akaita, akainama tena. Kasuku alinishika mkono. Ndege akangoja hapo na chakula chake, akigeuza kichwa huku na huku, kisha akakimeza mwenyewe.