Nani Atawatetea Mitume

Mume wangu anaweza kukuthibitishia kwamba mtu aliyekufa karne na karne zilizopita aliwahi kuishi kweli, na ukimpa nafasi atakuharibia chakula kwa uthibitisho huo. Kila mwezi hupanda jukwaani kwenye ukumbi wa kukodi, yeye upande huu na mwalimu wa historia upande ule, wakibishana kama mitume walikuwa watu wa damu na nyama au ni hadithi za kutungwa. Mwalimu hudai kaburi, sarafu, jiwe lenye jina. Mume wangu hana jiwe, ila mdomo anao.

Hoja yake kubwa nimeisikia mpaka naiota. "Mtu hatungi habari ya kujiaibisha," husema, huku akivua miwani. "Wafuasi wanasimulia wenyewe walivyokimbia, walivyolia, walivyochekwa. Mwongo angejipamba." Hapo ukumbi mzima hupiga makofi, na mwalimu wa watu hubaki anapanga karatasi zake upya.

Ukumbi, vipaza sauti na vijitabu vyote hulipiwa na mtu mmoja, mwenye kiwanda cha uchapishaji. Sisi humwita Mfadhili. Binti yetu alipomaliza chuo, Mfadhili alimwajiri kupanga kurasa za vijitabu vya baba yake, na nyumba nzima tukamwona mtu wa maana.

Ijumaa moja binti yetu alirudi mapema, akakaa mezani bila kuvua mkoba begani. Baba yake alikuwa akinoa hoja za mdahalo wa kesho. Binti akatuambia kwamba Mfadhili alifunga mlango wa chumba cha kukatia karatasi, akamshika kwa nguvu. Hakupiga kelele, sauti ilimkauka. Alipojinasua alimwomba radhi Mfadhili. Yeye, mwanangu, ndiye aliyeomba radhi. Alisema hayo akitazama chini, vidole vyake vyenye wino vikikwaruza kitambaa cha meza.

Baba yake akavua miwani. "Kulikuwa na mtu mwingine?"

"Baba, mlango ulifungwa."

"Nauliza tu, mwanangu. Labda ulimwelewa vibaya. Yule ana utani mwingi."

"Nilimwelewa."

"Na hao wa kwenye mashine, hakuna hata mmoja aliyesikia?"

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. "Mzee," nikamwambia, "wale wa karne zilizopita unawaamini, na hujawahi kuwatia machoni. Huyu umemzaa."

"Usichanganye mambo, mama. Yale ni ya kitaalamu."

Binti aliinuka taratibu, akaingia chumbani kwake. Tukasikia ufunguo ukizungushwa mlangoni.

Nilimfuata mume wangu chumbani, nikamkalia kooni. Alikuwa ameshalitoa koti la jukwaani kabatini, analipiga brashi mabegani.

"Sema tu humwamini mtoto, nijue moja."

Akakaa kitandani na koti lake mapajani. "Ninamwamini," alisema. "Nilimwamini kabla hajamaliza. Nani atatunga kwamba aliomba radhi?"

Nikashusha pumzi. Kwa kitambo kidogo nilimpenda tena.

"Basi twende polisi."

"Twende tukaseme nini? Ukumbi umeshalipiwa, watu wameshaalikwa. Nikimgusa yule mtu, nani atawatetea mitume?"

Nilimtazama nikisubiri acheke. Hakucheka. Aliendelea kupiga brashi, akiondoa vumbi ambalo mimi sikuliona.

Kesho yake alivaa koti akaenda ukumbini. Mimi na binti yangu tulikwenda kituo cha polisi, tukakaa kwenye benchi mpaka tukaitwa. Askari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimsikiliza mwanangu bila kumkatiza. Kisha akamuuliza nani alisikia habari hii kwanza na anaweza kuja kuisemea.

"Mama," alijibu binti yangu.

"Na baba?"

Aliitengeneza kamba ya mkoba begani.

"Andika mama tu."