Ushuhuda wa Angèle juu ya Viwavi

Viwavi walipotoweka kwenye mahindi ya wifi yangu Angèle, mimi nilikosa usingizi. Yeye alipiga vigelegele. Jumapili akasimama mbele ya jumuiya akatoa ushuhuda: walipoanza novena, sala zao za siku tisa, viwavi walikuwa wanatafuna moyo wa kila hindi; kabla haijaisha, hata mmoja hakuonekana. Akina mama walilia. Akawaambia wapande tena, wazibe mapengo mvua ingalipo.

Wasiwasi wangu watu huuita ubishi, na waite wanavyotaka. Kiwavi aliyenona vile anakwenda wapi? Hatukuona mzoga, wala ndege hawakuja. Nilimuuliza Angèle, akanijibu kwamba imani yangu ni haba tangu utoto.

Kesho yake tukaenda shambani, upande wa Buluo, na mbegu zake za mwisho. Kaka yangu Bertin, mume wake, alikuwa amekataza zisisagwe. Zikipotea hizo, bukari, ugali wetu wa mwaka huu, itatoka wapi? Nilipiga jembe chini ya shina lililotafunwa. Kikaviringika kitu cha kahawia, kinang'aa, kidogo kama haragwe, kikatikisa mkia. Nikachimba pengine, vikatoka vingine. Nikapasua kimoja kwa ukucha, na ndani mabawa yalikuwa yamekwisha kukunjwa.

Angèle aliketi kwenye tuta. Hakuhitaji kuelezwa. Walishiba, wakashuka kujigeuza udongoni. Sasa watatoka vipepeo na kutaga mayai kwenye mahindi machanga. Na bondeni kote wanawake waliomwamini walikuwa wameinama, wanafukia mbegu zao.

Nilimsihi twende nyumbani, atasema Jumapili ijayo, kwa utaratibu. Niliogopa watakavyomcheka. Alifunga mbegu zake kwenye kitenge, akaondoka mbio mbio, peku, akikanyaga matuta ya watu, nami nyuma yake.

Shamba la kwanza lilikuwa la Adrienne, aliyelia kuliko wote siku ya ushuhuda. Alimsikiliza mpaka mwisho, jembe mkononi.

"Alafu Mungu, Maman Angèle? Ulituambia njo Yeye alibiondoa."

Angèle alikuwa anahema.

"Simamisha kupanda, Maman. Bidudu biko mu budongo. Mungu hakusema mupande. Njo miye nilisema."

Adrienne aliutazama mstari aliokwisha kuufukia, kisha akapiga magoti na kuanza kuokota mbegu zake, moja moja. Angèle alikuwa ameshavuka kwenda shamba la pili.